Kabseret kwa B

Jumatano, saa kumi na dakika ishirini alasiri, kompyuta iliandika kwamba haikupata faili zilizohitajika, ikanyamaza.

Priscah Jepchumba aliyasoma maneno hayo mara mbili. Hakuwa mtu wa kugombana na vifaa. Alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari huko Kiplombe, na jambo la kwanza alilowafundisha wanafunzi wa kidato cha kwanza lilikuwa kwamba ramani isipolingana na ardhi, mtu haanzi kwa kuitukana ramani. Alifunga mchezo, akaufungua upya. Ukaonyesha trekta jekundu likipita chini ya milima yenye theluji, ukafikiri kidogo, ukaandika maneno yale yale.

"Imekataa?" Amos aliuliza nyuma yake.

"Imekataa."

"Labda haitaki watu wa huku."

"Ni kompyuta, Baba Kipyego. Haijui mtu ametoka wapi."

Amos Kipkirui, mumewe, alikuwa amesimama ameshika mgongo wa kiti alichokalia mkewe. Hakusimama kwa kukosa subira. Mwezi wa Septemba alikuwa amepasuliwa mgongo, kwa sababu kipande laini kilicho kati ya pingili mbili kilikuwa kimetoka mahali pake kikaubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguu wa kushoto. Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alimruhusu kukaa kwa muda mfupi, kisha asimame, atembee, akae tena. Kitu kimoja alimkataza bila kuzungukazunguka: asipande mashine yoyote inayotikisa mpaka Krismasi ipite. Akipanda kabla ya hapo, alisema, mguu unaweza kufa ganzi na usirudi tena. Priscah alikuwa amekaa palepale wakati maneno hayo yakisemwa, na aliyahifadhi kama yalivyosemwa.

Taabu ilikuwa kwamba Amos alikuwa dereva wa kombaini, na huu ulikuwa Novemba. Tangu waoane, Novemba ilikuwa mwezi ambao mume wake alirudi nyumbani na makapi ya ngano masikioni na usingizi wa mtoto mchanga. Mwaka huu alikuwa nyumbani mchana kutwa, akizisikiliza kombaini za wengine zikipita barabarani kuelekea mashambani. Alizitambua bila kuziona. "Hiyo mkanda yake imelegea," angesema, kikombe cha chai mkononi. "Hawatafika Jumapili."

Na palikuwa na Mzee Kimutai. Kimutai alikuwa na kombaini yake na shamba la ngano huko Kapseret, lililopakana na ua wa uwanja wa ndege. Amos ndiye aliyemvunia miaka yote. Shamba la juu halikuwa na shida; dereva mpya aitwaye Lusweti alikuwa akilimaliza wiki hiyo hiyo. Shamba la chini ndilo lililokuwa na mahali penye maji chini ya udongo, ambapo kombaini ya jirani ilizama siku moja ikalala hapo mpaka mvua ikaja. Kimutai alipiga simu kila jioni. "Jumamosi, Amos. Saa mbili tu. Lusweti hajui huko chini." Amos hakuwahi kumjibu ndiyo. Priscah aliona pia kwamba hakuwahi kumjibu hapana.

Mchezo wa kompyuta uliingia nyumbani humo kwa njia ya mwana wao, Kipyego, aliyekuwa chuoni Juja. Aliacha kompyuta yake ya zamani ikiwa na mchezo wa ukulima, wa kuendesha matrekta na kuvuna, ili baba yake apate la kufanya. Mwanzoni Amos aliucheka, kisha akaucheza, kisha ukamchosha. Mashamba yake yalikuwa ya nchi za watu, yamenyooka kama meza, hayana hata jiwe. "Ngano haina vumbi," alimwambia mwanawe kwa simu. "Hawa watu wanalimia ndani ya hospitali."

Ndipo Kipyego akatuma kiungo cha modi. Modi, alieleza, ni kitu ambacho wachezaji wenyewe wanakitengeneza na kukiingiza kwenye mchezo: gari, nyumba, hata nchi nzima. Kampuni ya mchezo ina duka lake rasmi la modi, zilizokaguliwa na kupitishwa, lakini hii haikuwa humo. Ilikuwa imetengenezwa na vijana wa Uasin Gishu waliokutana kwenye kikundi cha mtandaoni, wakaiweka kwenye tovuti ya kuhifadhi faili, kila anayetaka achukue. Ndani yake mlikuwa na shamba la ngano la Kapseret, barabara zake, na kombaini ya zamani ya aina ileile aliyoendesha Amos.

Priscah hakuamini kwamba mchezo unaweza kumzuia mtu asiende anakotaka kwenda. Hakuwa na ushahidi wa hilo. Lakini aliona kwamba siku ambayo picha za modi hiyo zilifika kwenye simu, Amos alizikuza kwa vidole, akazitazama moja moja, na Kimutai alipopiga simu jioni hiyo hakuisikia mara ya kwanza. Huo ulikuwa ushahidi kidogo. Kwa hiyo Jumanne, baada ya masomo, aliibeba kompyuta mjini Eldoret kwa fundi Muchiri, ambako mtandao ulikuwa na nguvu, akafanya kazi yote kwa mikono yake.

Aliifanya kwa uangalifu. Kwanza alihamisha alama za kidato cha pili kwenye flashi, na flashi akaiacha nyumbani. Tovuti ilikuwa na vitufe vinne vya kijani, kila kimoja kikisema ndicho cha kupakua. Aliweka mshale juu ya kila kimoja bila kubonyeza, akasoma anwani iliyojitokeza chini, akaviacha vitatu vilivyoelekea kwenye kamari na tiba za upara. Faili tatu zikashuka. Majina yake yalikuwa yameandikwa ovyo, akayarekebisha kabla ya kuyahifadhi, kama ambavyo angeokota karatasi iliyoanguka darasani huku akiendelea na somo. Muchiri alizipitisha faili kwenye antivairasi, zikatoka safi. Priscah akaziweka kwenye folda ya modi, zikiwa zimefungwa jinsi zilivyokuja, kama maelezo yalivyotaka.

Na sasa ilikuwa Jumatano, na mchezo ulikuwa umekataa.

"Kesho nitairudisha," alisema.

"Si lazima," Amos alijibu. Alikuwa ameshasogea dirishani. Huko nje kombaini ilikuwa ikipita. "Hata hivyo Jumamosi si mbali."

*

Duka la Ephantus Muchiri lilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, kando ya Barabara ya Uganda. Alitengeneza simu na kompyuta, akachapisha kazi za wanafunzi, akauza waya za kuchajia. Baba yake alikuja Eldoret kutoka Nyeri kuuza nguo. Muchiri mwenyewe alizaliwa hapo hapo mjini, na Kikalenjin chake kilitosha kusalimia, kununua maziwa na kujua kama anasengenywa.

"Chamgei, Mwalimu."

"Chamgei mising, Muchiri. Ile kitu imekataa."

"Nilikwambia. Vitu za nje ya duka ya mchezo unachukua roho ikiwa mkononi."

"Uliniambia pia zilikuwa safi."

"Zilikuwa safi. Lakini safi haimaanishi itafanya kazi. Hata bwana harusi huwa safi."

Priscah aliiweka kompyuta mezani. Muchiri akavuta kiti, akaanza. Alitazama toleo la mchezo. Lilikuwa lile lililotakiwa. Alitazama folda, ilikuwa ndiyo. Alizihamisha faili akazirudisha, akawasha mchezo, ukakataa. Alizifungua zilizofungwa akajaribu hivyo, ukakataa kwa haraka zaidi. Akazirudisha jinsi zilivyokuwa.

"Labda zilikatika zikishuka," alisema. "Ama huyo mwenye alitengeneza alikuwa anajifunza. Mwalimu, mbona usimpatie mzee mpira? Niko nayo hapa, haisumbui mtu. Atacheza mpaka asahau kula."

"Hapendi mpira."

"Kila mwanaume anapenda mpira."

"Huyu anapenda kombaini. Na Jumamosi kuna mtu anakuja kumchukua apande moja ya kweli, na akipanda anaweza kupoteza mguu. Sina kitu kingine cha kuweka kwa meza kabla ya Jumamosi. Endelea."

Muchiri alimtazama kidogo, akaacha mizaha, akainamia kioo. Chini ya ule ujumbe wa kukataa palikuwa na maneno madogo ya kijivu, *maelezo zaidi*, ambayo Priscah aliyaona Jumatano akayaacha kwa sababu hayakuonekana kama kitufe. Muchiri aliyabonyeza. Kisanduku kikafunguka.

"Aha. Inatafuta fairi tatu," alisema. "Shampa, Kompaini na Balabala."

"Barabara."

"Si ndio nimesema? Lakini hata hapa hawajaandika hivyo, wameandika Barapara. Mwalimu, kuja uone maajabu. Kabseret, na B. Shampa, na P. Kompaini, na P. Huyu jamaa herufi zote alikuwa nazo, ni kugawa tu alishindwa. Mtu anazaliwa Kapseret na hajui kuandika Kapseret?"

Priscah aliegemea meza akasoma. Alisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yale yalivyohitaji.

"Zile tulizo nazo kwa folda zinaitwaje?" aliuliza.

Muchiri alifungua folda. "Kapseret_Shamba. Kapseret_Kombaini. Kapseret_Barabara. Hizi zimeandikwa sawa kabisa."

"Hapo ndipo tatizo lilipo. Ni mimi nilizisahihisha."

Muchiri aligeuka na kiti chake.

"Jumanne," Priscah alisema. "Zilikuja zimeandikwa vibaya nikazirekebisha. Shamba inaita kombaini kwa jina ambalo mwenyewe aliipa. Nimeibadilisha jina, kwa hiyo inaita na hakuna anayeitika."

"Umepigia kompyuta kalamu nyekundu."

"Nimepiga."

"Na ikafeli."

"Haikufeli kompyuta. Andika, nakusomea. Ya kwanza, Kabseret. B."

Muchiri aliweka vidole tayari. "P ya Peter?"

"B."

"B ya Brian ama P ya Peter?"

"Nimesema B. B ya baba."

"Ya papa."

"Baba, Muchiri. Baba mzazi."

"Mwalimu, usinikasirikie. Kwa masikio yangu umesema kitu moja mara tatu."

Ilikuwa kweli, na Priscah hakuona sababu ya kubishana na ukweli. Katika lugha ya mama yake P na B hazikuwa herufi mbili zenye ugomvi. Mdomo ulichukua ile iliyokuwa karibu, na hakuna aliyekosa kueleweka. Darasani alizitenganisha kwa bidii, miaka na miaka, mpaka wanafunzi wakadhani alizaliwa nazo zikiwa zimetenganishwa. Lakini ilikuwa Alhamisi jioni, alikuwa amefundisha tangu asubuhi, na bidii ilikuwa imebaki shuleni.

"Na wewe umesema fairi tangu niingie hapa," alisema.

"Fairi ni fairi."

"Toka kwa kiti."

Muchiri alitoka kwenye kiti. Priscah akakaa, akayafuta majina yake matatu mazuri, akaandika mabaya, herufi moja baada ya nyingine, akiyalinganisha na yaliyo kwenye kisanduku. Mkono wake ulisita kwenye Barapara. Ilimlazimu aitazame ile P ya katikati kwa makusudi, vinginevyo vidole vilitaka kwenda kwenye B vyenyewe. Alipomaliza alisoma yote tena kuanzia mwisho kwenda mwanzo, kama alivyosahihisha majina ya mito, kisha akawasha mchezo.

Trekta jekundu lilipita chini ya theluji. Mchezo ukafikiri. Ukafikiri zaidi. Kioo kikawa cheusi, kikawa cha samawati, na samawati hiyo ikawa mbingu. Chini yake ngano iliyoiva ilitelemka taratibu mpaka kwenye ua mrefu wa waya.

Muchiri aliinama. "Hiyo si ni ile fensi ya eapoti?"

"Ndiyo."

Ndege ndogo ilipita juu ya ngano, ikashuka nyuma ya ua, ikapotea. Mteja aliyekuja kuchapisha barua alisogea naye akatazama. Ndege ya pili ikaja, wakaitazama nayo.

"Mwambie mzee," Muchiri alisema hatimaye, "akichoka na ngano, mpira bado uko."

Jioni hiyo Priscah alimtumia mwanawe ujumbe kumweleza yaliyotokea, na kumuuliza kama vijana wale walihitaji mtu wa kuwasahihishia maandishi. Jibu lilikuja kabla hajaweka simu chini. *Mama, inaandikwa hivyo makusudi. Ndiyo vile tunajua ni yetu.* Alilisoma, akalifikiria, akaona kwamba hoja ilikuwa na msingi.

*

Ijumaa Amos alivuna. Alianza baada ya chakula cha mchana, na Priscah aliporudi kutoka shuleni alimkuta katikati ya shamba, mgongo umenyooka kwenye kiti chenye mto, mkono mmoja kwenye kibodi na mwingine kwenye kipanya, uso umetulia jinsi ambavyo hakuuona tangu Agosti.

"Sikia hii," alimwambia bila kugeuka. Akazima mashine, akaiwasha. Ilikohoa mara moja, ikasita, ikashika kwa mngurumo mzito. "Hiyo sauti hawakuitunga. Walienda wakarekodi mashine ya kweli. Inakohoa kabla ya kushika, umesikia? Ile ya Mzee Kimutai inakohoa hivyo hivyo."

"Nimesikia."

"Na vumbi wameweka."

Kila alipofika mwisho wa mstari aliinua hedi, lile bapa refu la mbele lenye visu, akaigeuza mashine, akaisimamisha. Kisha alisimama yeye mwenyewe, akatembea hadi mlangoni na kurudi, akakaa, akaanza mstari mwingine. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mistari ilikuwa na urefu uleule ambao daktari angeutaka. Priscah alikaa kwenye kiti cha pembeni na rundo la daftari za kusahihisha, na kwa muda mrefu sauti pekee nyumbani ilikuwa ya kombaini na ya kalamu yake.

Alikuwa ameridhika. Aliweza kusema hivyo bila kutia chumvi. Lakini kabla ya giza kuingia alipita sebuleni akaona buti za Amos kando ya mlango. Zilikuwa zimepigwa brashi na kutiwa rangi, na kamba mpya zilikuwa zimeingizwa. Amos alikuwa jikoni, akizungumza kwa simu kwa sauti ya chini. Priscah hakumuuliza. Swali lenye jibu kesho yake asubuhi halikuwa na haja ya kuulizwa jioni.

*

Mzee Kimutai alifika Jumamosi umande ukiwa bado majanini, akiendesha pikapu yake, na Lusweti kando yake. Kimutai alikuwa mrefu, amevaa kofia ya sufu ambayo hakuivua hata kanisani. Lusweti alikuwa kijana wa kutoka Moi's Bridge, mpole, mwenye mikono mikubwa, na alisimama nyuma ya mzee kama mtu aliyeitwa kushuhudia jambo lisilomhusu.

"Chamgei, Mwalimu. Amos yuko tayari?"

"Chamgei mising, Mzee. Daktari alisema mpaka baada ya Krismasi," Priscah alisema. "Akitikiswa kabla ya hapo, mguu wa kushoto unaweza kufa. Ni maneno yake, sijaongeza kitu."

"Ni saa mbili tu. Tutamwekea mto."

"Hakusema chochote kuhusu mto."

Kimutai alitazama mawingu upande wa Kaptagat. "Mwalimu, mimi si mtu mbaya. Ile mvua ikishuka kabla sijavuna, ngano italala. Na huyu kijana ni dereva mzuri, lakini huko chini atazamisha mashine. Si makosa yake. Hata mimi mwenyewe sijui vizuri hayo maji yanapita wapi. Anayejua ni Amos."

Amos alikuwa ametokea mlangoni. Alikuwa amevaa soksi, na buti zilikuwa mkononi. Alimtazama Kimutai, akamtazama Lusweti, akamtazama mkewe kidogo tu.

"Mzee, ingia kwanza upate chai," alisema. "Lusweti pia, ingia. Kuna kitu nataka mwone."

"Mvua inakuja, Amos."

"Ngano bado iko na umande, huwezi kukata saa hii. Ingia."

Hilo Kimutai hakuweza kulipinga. Akaingia. Amos aliweka buti chini kando ya mlango, akaketi mbele ya kompyuta, akawasha. Mashine ikakohoa, ikashika. Kimutai aliinua kichwa kwenye kikombe chake kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa sokoni.

"Hiyo ni yangu."

"Inafanana na yako."

Mzee alisogea karibu na kioo. Alitazama ua wa waya, mteremko, barabara ya vumbi iliyopinda kulia. "Na hii ni kwangu. Amos, hii ni kwangu kabisa. Nani alipatia hawa watu ruhusa ya kuweka shamba yangu ndani ya tiivii?"

"Si tiivii, Mzee," Lusweti alisema.

"Na ng'ombe wangu wako wapi?"

"Ng'ombe hawakuweka," Amos alisema.

"Basi wameniibia."

Lusweti alicheka ndani ya kikombe. Amos hakucheka; alikuwa ameshainama mbele, kidole kikitembea juu ya kioo. Kutoka juu, alimwonyesha Lusweti, unakata kwa kufuata mteremko, si kwa kuukatiza. Kabla ya kufika hapa katikati unamwaga ngano yote kwenye trela, hata kama tangi haijajaa, kwa sababu mashine nzito ndiyo inayozama. Kisha akatafuta kitu mezani, hakukipata.

"Mama Kipyego, ile seloteipu yako."

Priscah hakupenda kitu chochote kubandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Alimletea seloteipu. Amos alikata kipande, akakibandika chini kidogo ya katikati ya shamba.

"Hapa. Hawa vijana hawakujua, kwa hivyo hawakuweka. Kwa macho ni pakavu kama pengine. Lakini ngano ya hapo huwa ndefu kidogo, na inachelewa kuiva. Ukiona rangi imebadilika, umeshakaribia sana. Kaa hapa uendeshe."

Lusweti alikaa kwa woga kama mtu anayehojiwa kanisani kabla ya ubatizo. Aliianzisha kombaini, akateremka nayo, na alipofika katikati akapita moja kwa moja juu ya seloteipu.

"Umezama," Amos alisema.

"Lakini inaenda."

"Hapa inaenda. Kwa Mzee umezama, na trekta ya kukuvuta imetoka mjini na imechelewa, na Mzee amesimama hapo na kofia yake anakuangalia. Rudia."

Lusweti alirudia. Safari hii alimwaga ngano mapema, akapinda kushoto, akaizunguka seloteipu kwa mbali, akarudi kwenye mstari.

"Na nikifika kwa huo mti?"

"Mti hakuna. Mzee aliukata mwaka juzi, hawa waliweka wa zamani. Badala ya mti utaona kisiki."

"Kisiki nilitoa," Kimutai alisema.

"Basi angalia nguzo ya tatu ya fensi. Hiyo hujatoa?"

"Hiyo ni ya serikali."

Lusweti aliendesha mara ya tatu bila kuambiwa. Amos alisimama nyuma yake, mikono kwenye mgongo wa kiti, kama alivyosimama Jumatano nyuma ya mkewe. Kijana alipofika mwisho wa shamba na kuinua hedi, Kimutai aliweka kikombe chini.

"Na wewe?" alimuuliza Amos.

"Mimi nitakaa kando ya simu. Akiona ngano ndefu, asimame anipigie. Asijaribu kwanza halafu anipigie. Apige kwanza."

Kimutai alimtazama Priscah, kisha zile buti, kisha Lusweti. Alivuta kofia yake ya sufu mpaka karibu na nyusi.

"Twende," alimwambia kijana. "Umande umekauka."

Priscah aliwasindikiza hadi langoni. Pikapu iliondoka na watu wawili, jinsi ilivyokuja. Alipogeuka, Amos alikuwa tayari ndani, na sauti ya kombaini ilikuwa ikisikika kupitia dirishani.

Simu ililia mara moja, karibu na saa sita. Priscah alimsikia Amos akiuliza, "Unaona nguzo? Ya tatu, si ya pili. Sawa. Mwaga kwanza. Sasa enda kushoto, kushoto kabisa, hata kama unaona unaacha ngano. Acha. Hiyo kidogo watakata kwa mkono." Kisha hakuna aliyepiga tena. Alisahihisha daftari za kidato cha tatu. Mawingu ya Kaptagat yalisogea, yakasimama juu ya mji, hayakunyesha. Seloteipu ilikuwa bado kwenye kioo, na Amos alikuwa akivuna akiizunguka, ingawa mchezo haukumdai afanye hivyo.

Alasiri ujumbe uliingia kwenye simu iliyokuwa mezani, upande wa Priscah. Ulitoka kwa Mzee Kimutai: *Shampa ya chini imekwisha. Hakusama.*

Priscah aliusoma kwa sauti, kama ulivyoandikwa, P mahali pa B na S mahali pa Z. Amos alifika mwisho wa mstari, akainua hedi, akageuza mashine, akasimama kunyoosha mgongo.